Sauti ya Chumba cha Ndani

Kabla ya kuolewa, bibi yangu mzaa baba alisaga ulezi katika nyumba ya mtemi kule Mamba kwa miaka minne, na katika miaka yote hiyo hakupita mlango wa mbele hata mara moja. Wasagaji waliingia kwa nyuma, wakapiga magoti kwenye mawe yao, wakasaga, wakatoka kwa nyuma. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nyumba ile sasa ni makumbusho, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia, alinigeukia.

"Na chumba cha ndani?" akauliza.

"Vyumba vyote, Bibi."

"Basi kesho twende."

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mpanda, nikawa nimekuja Mamba likizo kusaidia kuvuna mpunga. Utemi ulikuwa umeondolewa zamani. Nyumba iligeuzwa ghala la mahindi, ikaja kukaa tupu, mpaka afisa utamaduni mmoja kijana alipoanza kukusanya humo ngoma, mikuki na viti vya zamani.

Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani. Njiani ndipo aliponiambia kwa nini alitaka chumba kile.

"Mle ndani kulikuwa na mwanamke anaimba," alisema. "Lugha yake hatuijui. Anaimba jioni tu, mtemi akishakaa. Wakati mwingine mwanamume anamjibu. Lakini chakula kinachoingia ni sahani moja."

"Mlimwona?"

"Nani angemwona? Tulibishana mpaka tukanuniana. Wenzangu walisema ni mzimu. Mimi nikasema ni mtu, amefungiwa. Nikamwonea huruma. Siku moja nikachukua bakuli la ugali na maharage, nikaliweka mlangoni pake. Asubuhi nakuta bakuli tupu! Basi kila Jumamosi nikawa naweka."

Tulipofika, mlinzi alikuwa amekaa kizingitini, mzee mwembamba mwenye sweta la kaki. Alimsalimu Bibi kwa Kipimbwe, akamtazama sana, akatupisha. Afisa akatuzungusha. Kila kitu kilikuwa na kipande cha katoni chenye maelezo, nami nilitaka kuyasoma yote, lakini Bibi alikuwa ananivuta mkono. Ngoma kubwa aliipita kama anapita ndoo.

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na kitanda cha chuma, dirisha moja, na juu ya meza sanduku lenye tarumbeta pana kama ua la boga.

"Hii ni gramafoni ya mtemi," afisa alisema. "Santuri imebaki moja, nayo ina ufa."

Akazungusha mkono wa mashine, akaweka sindano. Ikakwaruza kwanza, kisha mwanamke akaanza kuimba, sauti nyembamba inayorukaruka kila ilipofika kwenye ufa.

Bibi alinishika bega. Redio tulikuwa nayo nyumbani, na kila siku alisikiliza taarifa ya habari, lakini hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mtemi, na afisa hakuthubutu kumkataza. Ghafla akanyamaza.

"Sasa ugali wangu alikuwa anakula nani?"

Mlangoni mtu akakohoa. Alikuwa yule mlinzi.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilikuwa askari wa mlango huu. Zamu ya usiku."

"Wewe?"

"Nilidhani umenipenda." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nilimwambia mpaka baba. Alishaanza kutafuta mtu wa kupeleka posa kwenu. Ndipo tukasikia umeolewa."

Afisa alijifanya anapangusa vumbi kwenye tarumbeta. Mimi sikujua niangalie wapi. Nilimwogopea Bibi, nikamwogopea na yule mzee pia.

"Mbona hukusema neno?" Bibi aliuliza taratibu.

"Ningesema, labda ungeacha kuleta."

Bibi alifikiri. "Maharage yalikuwaje?"

"Yalikuwa hayana chumvi, mama. Miaka yote."

Wakacheka wote wawili. Bibi akainuka, akaenda kukaa naye kizingitini, wakaulizana habari za watoto, nani yuko hai na nani alishazikwa. Niliwaacha, nikarudi kusoma katoni zangu. Mara mbili nilichungulia. Walikuwa wamekaa tu, wanatazama barabara.

Nyumbani tulimkuta Babu anapepeta mpunga.

"Haya, nyie, mmeona nini huko?"

"Ngoma, mikuki," Bibi alisema, "na kitanda cha chuma." Akaingia jikoni.

Babu akanigeukia mimi. Nikamwambia kitanda kilikuwa kizuri sana.