Mwaka Tuliokwenda Ukerewe Kama Wageni

Nyumbani kwetu Mabatini neno gesti halikutamkwa mbele ya watoto. Gesti zenyewe zilikuwa zimejaa mtaani, zimepakwa rangi za kung'aa, tangu watu waruhusiwe kufungua biashara kila kona, na hata mdogo wangu alijua kwamba baba wa mtu akionekana anatoka mle mchana, jioni kwake hakukaliki. Kwa hiyo baba alipotaka kutupeleka likizo, na mahali pa kulala penyewe ni gesti, yeye alisema "nyumba ya wageni". Alilitamka kwa adabu, kama msomaji wa taarifa ya habari. Adabu hiyo ndiyo iliyotuponza.

Sasa niko kidato cha nne; wakati ule nilikuwa cha pili. Nayaandika kwa sababu wiki hii mama ameyataja tena akichambua dagaa, akacheka peke yake, na mimi mambo mengi huyaandika kwa kuwa kuyasema nashindwa.

Baba alikuwa karani wa stoo. Jirani na stoo yao kulikuwa na duka la familia ya Kihindu ambayo kila mwaka ilifunga duka, ikapakia mabegi na mablanketi kwenye gari, ikaenda kupumzika. Baba alitusimulia mezani kwamba hawaendi kwa ndugu wala kwenye msiba. Wanakwenda kukaa tu. Mama akaacha kusonga ugali.

"Na huko nani anawapikia?"

Baba akasema anadhani wanapikiwa na wenye mahali. Mama akarudi kwenye sufuria yake, lakini baadaye, wakati tunatoa vyombo, nikamsikia anamwambia baba taratibu: "Mimi kila mwaka tukienda kwenu naingia jikoni kabla sijakaa. Nataka mara moja tu niamke mahali ambapo hakuna anayesubiri uji wangu."

Hakusema kwa hasira. Siku ile baba alikaa muda mrefu na glasi ya maji mkononi bila kuyanywa.

Na ni kweli. Likizo kwetu ilikuwa kwenda Ukerewe, kijijini kwa kina baba, kwa shangazi, dada yake mkubwa. Tulipenda sana. Sisi watoto tulishinda ziwani, baba alishinda kwenye mazungumzo, na mama, kwa kuwa ni mke wa kaka, alishinda kwenye moshi. Alikuwa na kanga maalum ya jikoni ya safari hiyo, ya zamani, imekuwa kahawia, inanuka moshi hata ikifuliwa. Ndiyo aliyokuwa akiiweka ya kwanza kwenye begi.

Basi baba akaanza kupanga. Sijawahi kumwona na furaha kama majuma yale. Tungekaa Nansio, mjini, karibu na maji, kwenye nyumba ya wageni iliyo jirani na bandari, mchana mmoja tukamsalimie shangazi kijijini, halafu turudi. Tungekwenda baada ya Krismasi, kwa sababu wakati huo nyumba za wageni ziko tupu na mwenye nyumba anasikia lugha ya kupunguziwa. Meli, daraja la tatu, kwani safari ni ya mchana na upepo ni ule ule. Chakula cha njiani kitoke nyumbani, mayai ya kuchemsha, chapati na chai ya kwenye chupa. Jioni nyingi tulikula mapanki, yale mabaki ya sangara wanayouza viwanda vya samaki, na hakuna aliyenung'unika. Mdogo wangu alikuwa akinyonya mfupa huku anauliza kama kule kuna vitanda vya juu na chini.

Ikabaki kuweka vyumba. Barua ingechelewa, na simu baba alisema ni kupoteza hela kuongea na mtu anayekwambia ngoja nikaulize. Akanichukua tukaenda bandarini, kwa kijana mmoja mpakizi wa mizigo kwenye meli, mtu wa kijijini kwao. Nilisimama pale pale nikasikia kila neno.

"Ukifika, waambie pale nyumba ya wageni tunakuja familia nzima, Jumatatu ya baada ya Krismasi. Vyumba viwili. Na watufikirie kwenye bei."

Yule kijana akacheka mpaka akashika kiuno. "Bei tena, kaka? Wewe nawe kwa utani."

Baba naye akacheka, akaelewa kwamba bei si tatizo. Safari iliyofuata kijana akaleta jibu: wamefurahi sana, vyumba viwili vipo, na vimepigwa chokaa juzi juzi. Baba alirudi nyumbani kifua mbele. Mama akauliza chakula je. Baba akasema alivyoelewa yeye, wanapika wenye mahali.

Siku ya kufunga begi, mama aliichukua ile kanga ya jikoni, akaikunja, akaitazama, akairudisha sandukuni. Nilikuwa mlangoni. Hakujua kama nimemwona.

Meli ilipofunga Nansio nilimwona shangazi kabla ya wengine. Amesimama na baiskeli mbili na watoto wake, amevaa nguo ya kanisani.

"Karibuni wageni!"

Baba akamwamkia shikamoo, akamtazama, akamtazama yule kijana mpakizi, ambaye tayari alikuwa amelishika begi letu anatabasamu kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Shangazi akasema habari aliipata mapema, na vyumba vya kurara viko tayari, tangu jana mashuka yamo. Ndivyo wanavyosema kule, kurara, na mimi napenda kulisikia. Lakini siku ile nilimwangalia mama. Mama alimkumbatia wifi yake, akauliza habari za nyumbani, zote, mpaka za mbuzi. Usoni hakuonyesha kitu.

Kumbe mwaka ule shangazi alikuwa amejenga. Muhogo na machungwa yalikuwa yamemwendea vizuri, akasimamisha nyumba ndogo ya bati uani mwake, vyumba viwili, ili familia ya kaka yake isilale tena sebuleni. Alikuwa hajatuambia, alitaka tuje tushangae. Kijiji kizima kiliiita nyumba ya wageni. Yule kijana alipita mbele yake kila aliporudi kijijini. Angewaza vipi kwamba mtu aende kwao halafu akalale gesti?

Tulipofika kijijini, baba alizunguka ile nyumba akigusa kuta, anasema imejengwa, imejengwa hii. Sauti haikuwa yake. Mama alikwisha kuvua viatu, anajifunga kiunoni kanga yake nzuri, ya kutokea, aelekee jikoni, ndipo mdogo wangu akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, kwani gesti yetu ndiyo hii?"

Shangazi akamgeukia baba. Baba akaanza kueleza, mjini karibu na maji, watoto wabadilishe hewa, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda mlangoni pa jikoni, akasimama katikati.

"Kumbe mmekuja wageni kweli. Basi wifi, jikoni kwangu wageni hawaingii. Kaa."

Mama akakaa kwenye mkeka. Alikuwa amepata alichokitaka, na sijawahi kumwona mtu amekaa vibaya namna ile. Kila sufuria ikigonga, mabega yake yanashtuka. Alichukua mchele achambue, binti wa shangazi akaja akauchukua kwa heshima, akasema mama amekataza. Kwa watu wetu kunyimwa kazi ni kuambiwa wewe si wa hapa. Kulipokucha alikuwa ameamka kabla ya majogoo, amekaa pale pale kwenye mkeka, uji analetewa, anauangalia.

Asubuhi hiyo shangazi alinichukua ziwani kufua. Aliniuliza huku anapiga nguo kwenye jiwe, hanitazami: "Baba yako ameona aibu na nyumba yangu?"

Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiniuliza, najibu kwa kutazama dawati. Lakini pale hakukuwa na dawati. Nikasema baba alikuwa hata hajui kama nyumba ipo. Kisha nikasema la pili, haraka, kabla halijanikimbia.

"Ni mama, shangazi. Alitaka aamke mara moja pasiwe na anayesubiri uji wake."

Shangazi akaacha kufua. Sabuni ikawa inaelea kutoka kwenye nguo inakwenda zake. Akasema, mikono bado majini, kwamba yeye pia aliwahi kuolewa, na kwamba kule kwa mumewe, kabla hajarudi hapa, alikuwa na jiwe lake la kukalia jikoni mpaka likachukua umbo lake. Akacheka kidogo. Sikujua kama natakiwa nicheke.

Tuliporudi, mama alisimama kumpokea beseni. Shangazi akalivuta kwake.

"Wifi, usiku umelala?"

"Nimelala."

"Muongo. Nenda ukalale tena. Jikoni kwangu huingii, nilishasema."

Maneno yalikuwa yale yale ya jana. Mama alimtazama muda, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama kuku. Akaingia chumbani. Tukasikia kitanda kinalia, halafu kimya. Alilala mpaka jua likapita kichwani, mguu mmoja nje ya shuka, na shangazi aliwafukuza watoto uani kwa fimbo ya muhogo, wakacheze mbali. Baba alikaa mlangoni akimenya machungwa, moja baada ya jingine, anayapanga kwenye sahani bila kula, ili mama akiamka ayakute.

Siku zilizobaki zilikwenda hivyo. Mama alioga ziwani na sisi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alijua kuogelea. Hatukujua.

Tulipokuwa tunaondoka, shangazi alimwambia mama bandarini kwamba gesti nyingine wanalipisha, yeye malipo anayotaka ni kupikiwa na mama, safari ijayo. Mama akamjibu, "Safari ijayo nakuja mgeni tena." Wakacheka wakishikana mikono, na meli ilishapiga honi mara mbili.

Safari ijayo haijafika. Baba alipunguzwa kazini mwaka uliofuata, na siku hizi mama anauza dagaa, anaamka kabla yetu sote. Ila yule kijana wa meli bado anapitisha salamu. Juzi alikuja mpaka nyumbani, akasimama uani, akasema ametumwa na shangazi aulize wageni wanakuja lini, maana vyumba vinapigwa chokaa. Mama alikuwa na ungo mapajani. Akamwambia awajibu kwamba mgeni yupo, bado amelala.