Sauti ya Mkwe Kwenye Kanda ya Jotham

Watu wa Mbeya wakikuambia kwamba Jotham wa Masoko alikata roho katikati ya wimbo, waache waseme. Mimi nilikuwa nauza maharage jirani kabisa na kibanda ulikokatiwa wimbo ule, na aliyeukata si Izraili. Anaitwa Bushiri, yupo, ana wake wawili na afya njema.

Lakini habari hii si ya Bushiri, wala si ya Jotham. Ni ya mjane wa Jotham, Tupokigwe, aliyekuwa akiuza ndizi pembeni yangu pale Msasani, Tukuyu, na ambaye wapenzi wa muziki walimwita mchoyo bila kujua wanasema nini.

Tupokigwe ni mzaliwa wa Kiwira, akaolewa Masoko. Biashara hakuijua hata kidogo, nasema kweli tupu. Wenzake tunaita wateja kwa majina ya watoto wao, yeye amekaa kimya. Bei anataja mara moja. Mteja akianza kuomba apunguziwe, Tupokigwe anageuka kuutazama mlima Rungwe hadi mteja aone haya, alipe au aondoke zake. Nilimwambia mara nyingi kuwa mlima haununui ndizi. Alicheka, kesho yake akautazama tena.

Mumewe alikuwa mwimbaji wa dansi Dar es Salaam. Siwezi kusema alikuwa wa kwanza kwa umaarufu, ila nyimbo zake zilipigwa redioni, na sisi wa Rungwe tulijivuna naye. Akaja kuugua kifua. Aliporudi Masoko kwa baba yake alikuwa amebaki mifupa na gitaa. Kuna mtu alimletea redio kaseti, na katika miezi ile ya mwisho, akipata nafuu kidogo, alijirekodi mwenyewe chumbani. Mvua unaisikia juu ya bati, na jogoo pia. Siku chache kabla hajafa alimpa mkewe kanda ile akamwambia, "Neno lako liko mwishoni. Sikiliza mpaka mwisho."

Matanga yalipokwisha Tupokigwe aliazima redio ya jirani. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujamalizika, ikaingia sauti ya mzee Ambilikile, baba mkwe wake, akimuuliza Jotham kama amekula. Tupokigwe akaizima redio, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakuiwasha tena.

Wewe usiye wa kwetu utauliza kulikoni. Kwetu mkamwana humwogopa baba mkwe. Hamtazami, hapiti njia moja naye, hakai palipo na sauti yake. Jina lake halitamki, wala neno linalofanana na jina hilo. Tupokigwe hata neno letu la "kuita" alilizungukia, kwa kuwa limo ndani ya jina la mzee. Mkwe naye anamheshimu vivyo hivyo. Wakati Jotham anaumwa, mzee alikuwa akingoja Tupokigwe aende shamba, ndipo aingie kumwona mwanawe. Jotham alikuwa amekaa Dar miaka mingi, mambo haya yalishamtoka kichwani. Yeye aliona kanda ni kanda tu, anayebonyeza anasikia.

Mzee naye alikuwa na lake. Alijua redio hunasa anayeimba mbele yake. Kwamba hunasa pia mzazi aliyeketi kwenye kigoda kule kwenye kona, hilo hakuna aliyemwambia.

Basi. Baada ya matanga mashangazi wa ukoo walikuja na maneno yao. Tupokigwe hakuwa amezaa, kwa hiyo achague moja: arithiwe na shemeji yake Ezron, ambaye tayari alikuwa na mke na watoto, au arudi kwao. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kuruhusiwa, magari yao yalipita hadi Masoko, na shamba la Jotham karibu na ziwa lilikuwa na kahawa iliyokomaa. Nadhani umeelewa mashangazi walitumwa na nani. Tupokigwe alingoja mzee aseme neno. Mzee hakutuma mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye aliusikia mshindo wake kuwa ni: nenda. Akafunga nguo zake, akaja Msasani kupanga chumba. Kanda akaifunga kwenye nailoni, akaitia ndani ya mkoba wa ngozi.

Haya, sasa wakaja wapenzi. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza Dar, zinatafuta vya kupiga, na kila mwenye masikio akawa mtaalamu. Habari ikaenea kuwa ipo kanda ya Jotham ambayo haijasikika. Walikuja vijana waliovaa fulana za mitumba zenye maandishi wasiyoyaelewa, na akaja pia mwalimu mmoja mwenye machozi ya karibu. Wote walisimama mbele ya ndizi, wakasema Jotham ni mali ya taifa. Tupokigwe akatazama mlima. Mjini wakaanza kusema anangoja dau lipande. Mchungaji wake alimwita, akamwambia mambo ya kuogopa mkwe ni giza la zamani, aisikilize tu kanda, Mungu hana neno. Aliporudi nilimuuliza amemjibu nini. Akaniambia mchungaji ni mtu mwema, lakini hajaolewa Masoko.

Mimi nilijua linalomsumbua, kwa kuwa siku moja ya mvua, soko tupu, alinieleza. Hakuwa na shida na nyimbo. Alitaka neno lake. Mumewe alimwachia neno, nalo limo ndani ya kitu kilicho mkononi mwake, na hawezi kulifikia bila kumvunjia heshima mtu aliyekuwa hai kule Masoko. Nikamwambia ampe Bushiri.

Bushiri alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, mkabala na meza zetu. Redio yake ilikuwa na sehemu mbili za kaseti: huku inapiga, huku inanakili. Ni Mwislamu, lakini babu yake na babu yangu walilima mpaka mmoja, na heshima za kwetu anazijua kama futari. Tupokigwe akamwomba amtolee nakala, na popote atakapoongea mwenye nyumba, aruke. Hakutaja jina. Bushiri hakuuliza mwenye nyumba ni nani.

Kazi hiyo aliifanya kwa adabu kupita kiasi, na hapo ndipo penye makosa, kama ni makosa. Alijiambia maneno ya mkwe wa mtu si ya masikio yake wala ya wapita njia. Kila mzee alipofungua kinywa, Bushiri alisimamisha kunakili, akapunguza sauti hadi mwisho, akaisogeza kanda mbele kwa kukadiria, kisha akasikiliza kama Jotham amerudi kuimba. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa Tupokigwe mwenyewe, kwa jina lake. Jotham alikuwa akimuuliza: mvua ya Masoko ikinyesha na mimi sipo, Tupoki, utakaa wapi? Aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili, pumzi ikamwishia, mzee akaingia. Bushiri akasimamisha, akasogeza mbele, akasogeza tena. Uimbaji haukurudi, na kanda ikafika mwisho.

Tupokigwe aliisikilizia nakala ile ndani ya kibanda, mlango umefungwa, mimi nikiwa naye. Sauti ya Jotham ilikuwa nyembamba lakini ni yeye. Swali lilipokatika alisubiri. Kanda ikazunguka kimya, ikajizima. Akasema, "Kumbe hata yeye hakujua." Akajifunga khanga yake vizuri akarudi kwenye ndizi. Nilimhurumia sana siku ile.

Kuhusu nakala alimwambia Bushiri awape wanaoitaka, yeye ameshasikia lake. Bushiri hakungoja kuambiwa mara mbili. Kanda zikaondoka kwenda Kyela, Mbeya, hadi Iringa. Na kule mbali watu wakapata la kusema. Waliposikia swali likikatika, wakaapa kwamba pale ndipo Jotham alipofia, kinywa wazi, gitaa mkononi. Kwenye baa moja ya Mbeya, nasikia, wimbo ukifika pale walinyanyuka wote wakavua kofia. Jamani! Bushiri alipoelezwa alikaa juu ya kreti ya soda, akanitazama, tukacheka hadi tukaona aibu.

Mwaka uliofuata akaja Obed. Huyu ni kijana wa Kiwira, anauza vipuri Mbeya, na katika wapenzi wote wa Jotham yeye ndiye aliyekuwa na masikio kweli. Alimwambia Bushiri kwamba mtu akifa katikati ya wimbo, gitaa hulia linapoanguka. Hapa halilii. Hapa pana mtu aliyebonyeza kitufe. Bushiri si mwongo, akakiri, na akaeleza sababu. Obed hakubisha heshima ya mtu, ila alishawishika kuwa baada ya maneno ya mzee Jotham lazima aliendelea, na kwamba upo ubeti mmoja ambao dunia haijausikia. Alikuwa na kiredio kidogo cha mfukoni chenye hedifoni. Akamwomba Tupokigwe: asikilize yeye peke yake, mbele ya mwenye kanda, sauti isimfikie mtu mwingine. Ukipatikana ubeti, Bushiri atanakili ubeti tu.

Tupokigwe aliutazama mlima kidogo, akifikiri. Kisha akatoa mkoba wa ngozi.

Tulikuwa wanne kibandani. Obed alivaa hedifoni, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa muda mrefu, maana alianza mwanzo ili afaidi. Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu. Wimbo wa mwisho ulipofika tulijua, kwa kuwa Obed aliacha kutikisa kichwa akainama. Akasikiliza. Sura ikaanza kumbadilika, si ya mtu aliyepata bali ya mtu aliyepunjwa. Akaendelea mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Akavua hedifoni akazitupa juu ya meza.

"Hamna kitu," akasema. "Jotham haimbi tena. Ni mzee tu anaongea mambo ya shamba la kahawa."

Bushiri alisonya kwa kusikitika, biashara imekufa. Obed akaanza kuzungusha waya wa hedifoni, anaulizia kama gari la Mbeya bado lipo. Mimi mwenyewe nilishanyanyuka, nimeacha maharage bila mtu.

Tupokigwe akauliza, "Mambo gani ya shamba?"

Obed alimtazama, akaona anangoja kweli, akajibu kama mtu anayesimulia la jirani. Kwamba baada ya lile swali la utakaa wapi, mzee anamwambia mwanawe hilo si swali la kuimba. Shamba la ziwani ni la mkeo, na nyumba iliyomo ni yake. Ezron ana lake. Mtu asimrithi, mtu asimfukuze. Akitaka kuondoka ni hiari yake, mimi sitamzuia, lakini akitaka kukaa atakaa, azae asizae, ni mwanangu. Hapo Jotham anamwambia, sema tena, baba. Mzee anarudia yote. Halafu mvua tu.

Hata Obed, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, akaanza kuelewa alichokishika. Nami nikaona yote kwa mara moja, nikasikia hasira na huruma pamoja. Mzee alikuwa amesikia mkamwana wake anafunga nguo, akadhani ameambiwa na mumewe kila kitu na amechagua kuondoka. Alikuwa ameahidi kutomzuia. Basi hakumzuia. Na huyu akaja kuuza ndizi za watu mahali ambapo mvua inamnyeshea, akiamini amefukuzwa na mtu aliyekuwa akimngoja.

"Yaseme tena," Tupokigwe akamwambia Obed. "Kwa lugha yetu, kama alivyoyasema."

Obed akayasema kwa Kinyakyusa, polepole. Na Tupokigwe, hapo hapo mlangoni, akajifunika khanga kichwani, akageuza uso ukutani, akapiga magoti. Obed alishtuka, akadhani anaanguka, akataka kumshika. Bushiri akamzuia kwa mkono. Yale hayakuwa maneno ya Obed tena. Alikuwa anasemeshwa na mkwe, na alijiweka anavyojiweka mkamwana. Yalipokwisha akajibu akiwa bado ameelekea ukutani, neno moja tu: "Ndaga." Kwetu ni asante, na ni pole pia. Obed alivua kofia. Nililia mimi, sikatai.

Ubeti haukuwepo, kwa hiyo hakuna kilichonakiliwa. Obed hakwenda kumwambia mtu Mbeya, na kwa hilo namheshimu. Kule bado wananyanyuka kwenye viti.

Ndizi zilizobaki Tupokigwe aliniachia mimi. Asubuhi alipanda gari dogo la mizigo kuelekea Masoko, na niliandamana naye, kwa sababu mtu hapaswi kurudi peke yake mahali alipotoka peke yake. Watoto waliotuona barabarani walitangulia mbio kupeleka habari. Ezron alikuwa uani, mikono kiunoni, tayari kwa maneno. Mzee Ambilikile hakumwachia nafasi. Alipoambiwa anayekuja ni mkamwana wake, alinyanyuka kwenye kigoda bila neno, akachukua fimbo yake, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa ndani ya kahawa, ametugeuzia mgongo. Ezron akatabasamu. Alidhani baba amekasirika.

Tupokigwe aliyajua yale. Mzee alikuwa amempisha, aingie kwake. Akaingia.