Jumapili Iliyowapaka Zambarau Kinamama wa Idsowe

Nyinyi vijana mnaosoma haya, chekeni sasa mmalize, maana nikija kuwatembelea sitaki kuona meno. Aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mzungu, tangu mama yenu Mariamu akiwa mtoto wa kifuani.

Mariamu aliugua kifua, akadungwa sindano pale dispensari ya Garsen (siku hizo sindano tuliipenda kuliko nyama, hata mtu akijikwaa aliiomba), kifua kikapona, lakini ulimi ukaota utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ukiufuta haufutiki, na titi akawa analililia na kulitema. Mtoto asiyenyonya anakwisha ukimtazama. Nikarudi Garsen, dresa, mhudumu wa pale dispensari, akanipa kichupa cha dawa ya zambarau, akasema, "Mpake kidogo tu mdomoni, na wewe jipake chuchu, kisha kaeni nyumbani."

Kukaa nyumbani! Siku ya Jumapili, na mimi nina kitambaa kipya cha kichwa, na kwaya inaningoja! Nikampaka (hicho kidogo nilikipima kwa jicho langu mwenyewe), nikamfunika uso kwa leso, mbio kanisani.

Sasa, kwetu Idsowe mtoto akilia ibadani na mama yake yuko mbele anaimba, hapelekwi mbele, hupewa titi lililo karibu. Mariamu akalia. Mama Yona, jirani yangu niliyemwachia, akamwingiza chini ya leso yake. Mdomo unauma, akanyonya kidogo, akatema, akalia, akapitishwa kwa wa pili, akatema, kwa wa tatu, na kanisa letu la makuti lilikuwa na giza, na mimi huko mbele nazidisha sauti nikidhani wanaufurahia wimbo. Safari yake iliishia kwa mama mkwe wangu, ambaye hana maziwa, basi yeye akambusu.

Tukatoka juani. Mama Yona akajichungulia ndani ya blauzi, akapiga ukelele, "Jamani, nimeoza!" Kila aliyenyonyesha akajichungulia, ukelele ukawa wa safu nzima, wanaume wakawa hawajui watazame wapi, mchungaji akatazama mbinguni. Mama mkwe akanigeukia, midomo zambarau kama aliyekula zambarau za msitu mzima:

"We mke wa mwanangu, umetuletea nini? Mtoto huyu asishikwe na mtu tena!"

Mpunga ulikuwa unaiva, ndege wa kufukuzwa wako shambani, na Mariamu bila mikono ya wale wanawake ningemwacha na nani?

Tukaandamana hadi Garsen. Dresa alikuwa anakula, akatuona, akasikia habari, akacheka mpaka ugali ukamkwama.

"Hiyo rangi ni dawa, mama zangu. Ugonjwa wenyewe ni ukungu, ndugu wa hamira ya maandazi. Hata midomoni mwenu umo, ila miili yenu ina walinzi waliouzoea, ukiinua kichwa wanaukandamiza. Walinzi wa mtoto bado wanajifunza kazi. Na sindano ile ya kifua iliua hata vijidudu vyema vilivyokuwa vimekalia nafasi, ukungu ukapata uwanja."

"Kwa hiyo hatufi?" mama mkwe akauliza.

"Mtafua blauzi tu. Mlinzi anaweza kuzidiwa, kwa hiyo atakayewashwa aje. Lakini nyie mmeshapakwa dawa bila hata kupanga foleni."

Mariamu akaanza kulia mgongoni kwangu, nami sikuthubutu kumtazama mtu. Mama Yona akafyonya.

"Lete huyo mtoto. Titi lenyewe limeshaharibika rangi."

Akampokea. Safari hii Mariamu alinyonya, akaachia, akarudi akanyonya tena, mpaka akalala. Mama mkwe aligeukia mtoni akajifanya anatafuta mtumbwi wa kuturudisha, na nyumbani hakunisemesha mpaka midomo ilipotakata.

Jioni ile ile niliwaita watu wa nyumba yangu, mume wangu akiwemo, nikawaambia: dresa akisema kaeni nyumbani, mgonjwa atakaa na mwenye kumpaka dawa atakaa naye, hata kama kanisani siku hiyo anahubiri malaika.