Pikipiki ya Mama Inger Ilinoki Karibu na Kipaimara

Tangazo kwa umma.

Mimi, msemaji wa bweni la wavulana, mtetezi wa wanyonge na mshauri wa sheria wa jiko la shule, natamka rasmi kwamba pikipiki ya Mama Inger ilikufa kifo cha asili.

Ndivyo nilivyomwambia mwenye duka la pikipiki, mkono kifuani.

Mwenye duka akaniuliza kama nimemaliza, maana nilikuwa nimesimama juu ya glavu zake.

Basi ngoja nianze vizuri.

Mama Inger ni mpishi mkuu wa shule yetu ya bweni, huku Jutland, kwenye baridi ya kaskazini. Tunakula mikononi mwake, na tukileta utundu tunaosha sufuria zake. Mimi sufuria zile nazijua kwa sura.

Mumewe alipofariki, watu walitegemea atanunua kiti cha kupumzikia. Akanunua pikipiki. Mpya, nyekundu, ina waranti ya kiwanda: ikiharibika yenyewe, wanatengeneza wao bure.

Majirani waliguna. Yeye akavaa koti la ngozi akaenda nayo kununua viazi.

Sasa, Mama Inger ana mjukuu, Alberte, na Alberte alikuwa anapata kipaimara mwezi wa Mei. Kwetu siku hiyo watu hawaangalii gauni tu, wanaangalia mtoto katoka kanisani na usafiri gani. Kuna wanaokodi gari la kizamani. Kuna aliyetoka na trekta la babu yake, na hadi leo anasifiwa.

Alberte alitaka kitu kimoja tu: kiti cha nyuma cha bibi yake.

Wazazi wake walikuwa wametengana msimu ule wa baridi, na walikuwa wanagombana hata juu ya nani akae benchi lipi kanisani.

"Nikiwa nyuma yako, bibi," alimwambia Mama Inger, "hakuna wa kuniuliza kwa nini nimepanda gari la baba au la mama."

Mama Inger akamwahidi. Alitusimulia haya huku anakata mkate, na kisu kikasimama kidogo.

Aprili ikafika, siku ya kuiamsha pikipiki. Baridi yote ilikuwa imelala ghalani, imezibwa tambara kwenye bomba la moshi ili panya wasihamie. Shule nzima ikatoka nje. Tukapandisha bendera, maana sisi bendera tunapandisha hata paka akizaa.

Mama Inger akachomoa tambara. Akabonyeza.

Vuuum!

Watu wakashangilia. Mimi pia nikashangilia, ila mdomo wangu ulibaki wazi kuliko wa wengine.

Akaondoka akitupungia mkono. Chakula cha mchana kikapita bila yeye kurudi.

Tulimkuta karibu na zizi la nguruwe la jirani, kaketi ukingoni mwa barabara, kofia ngumu mapajani.

"Imegonga mara moja, ka!" alisema. "Halafu kimya."

"Injini imenoki," nikatamka. "Usihofu, Mama Inger. Una waranti. Hii ni nchi ya sheria."

Laiti ningejua waranti ni mnyama gani.

Mwenye duka anaitwa Flemming, mtu wa maneno machache kama watu wa huku wote. "Siyo mbaya" kwake ni wimbo wa sifa.

"Mimi sina uamuzi," alisema. "Kiwanda ndicho kinaamua. Mimi natuma picha."

Akatuma. Kiwanda kikasema picha hazionekani vizuri. Akatuma nyingine. Kiwanda kikasema hizi zinaonekana vizuri, lakini si za sehemu inayotakiwa. Tukapiga simu, tukawekewa muziki. Mama Inger aliweka simu juu ya meza, akamenya ndoo nzima ya viazi, muziki bado unapiga.

Halafu Pasaka. Nchi yote ikafunga milango ikaenda kula mwanakondoo.

Kila jioni Alberte alikuwa anapiga.

"Bibi, imepona?"

"Inaendelea na matibabu, kipenzi."

"Daktari anasemaje?"

"Anasubiri majibu."

Akikata simu, Mama Inger alikuwa anabaki anaitazama. Uji ukaungua. Siku moja niliweka chumvi kwenye bakuli la sukari, akaonja, akahamisha, basi. Hakunigombeza. Nikajua hali ni mbaya.

Mwishowe kiwanda kikasema kitatuma mtu. Akaja Ijumaa. Kipaimara kilikuwa Jumapili.

"Injini mpya hiyo hapo," Flemming alisema, akionyesha sanduku kwa kidevu. "Akisema ndiyo, naifunga leo hii hii. Kesho unaendesha."

"Na akisema hapana?"

"Sanduku linarudi."

Mtu wa kiwanda alikuwa kijana mpole, ana tabuleti, anapiga picha kila anachokigusa. Alifungua ubavu wa injini, akamulika ndani, akatikisa kichwa.

"Kifaa cha kukaza mnyororo wa ndani kimevunjika. Mnyororo umeruka, umeharibu kila kitu." Akamgeukia Mama Inger. "Pole, mama. Kosa letu. Tumeshaliona kwa pikipiki nyingine."

Mama Inger akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Flemming akasema, "Siyo mbaya." Mimi nikainua ngumi juu kama rais aliyeshinda uchaguzi.

"Bado filta ya hewa tu nipige picha," kijana akasema. "Utaratibu."

"Haina haja!" nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Wote wakanitazama.

"Dogo, una nini?" Flemming akauliza.

"Namaanisha, kosa mmeshakiri. Kisheria..."

"Kisheria nyamaza," Flemming akasema, akamkabidhi kijana bisibisi.

Wasomaji, hapa ndipo penye shida.

Mwezi wa Oktoba, pikipiki ilipolazwa, niliingia ghalani nikachomeka soksi kwenye njia ya hewa. Mpango wangu ulikuwa safi. Aprili pikipiki ingegoma kuwaka mbele ya shule nzima. Mimi ningejitokeza, ningepitisha mkono mara mbili juu ya tangi, ningechomoa soksi kama mchawi wa sarakasi. Vifijo. Basi.

Lakini ikawaka. Nikajiambia soksi ilidondoka. Kila siku nilijiambia hivyo. Nilijiambia nikiosha sufuria, nikajiambia muziki wa kiwanda ukipiga.

Haikuwa imedondoka.

Ilitoka taratibu, nyeusi, ndefu, kama kitu kinachozaliwa. Kijana akaikunjua. Shule za bweni kila nguo inashonwa kitambaa chenye jina, ili isipotee kwa dobi.

Akapiga picha kwanza. Halafu akasoma.

"Asger Toft ni nani?"

Flemming hakuwa na haja ya kujibu. Mama Inger alikuwa ameshanigeukia.

"Lakini hiyo soksi haijavunja kitu," Flemming akasema haraka. "Unaona mwenyewe. Kifaa kimekatika chenyewe."

"Naona."

"Basi itupe."

"Picha imeshaingia makao makuu. Waranti inasema kikikutwa kitu kigeni kwenye njia ya hewa, imekwisha. Hawaulizi kimefanya nini."

"Ni soksi, jamani!"

"Ndiyo," kijana akasema, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Ni soksi."

Flemming akatazama sanduku la injini mpya, akatazama ukuta.

Nilitegemea Mama Inger anipige kwa kofia ngumu. Ningeshukuru. Yeye aliipangusa ile soksi kwenye aproni yake, akaikunja kama anavyokunja vitambaa vya jikoni, akaniwekea kiganjani.

Simu yake ikalia. Akaangalia jina, akaninyooshea.

"Mshauri wa sheria," alisema. "Pokea."

"Mama Inger, siwezi."

"Hata mimi siwezi. Pokea."

Nikapokea.

"Bibi! Amekuja? Imepona?"

"Siyo bibi. Ni Asger, wa shuleni kwake."

"Oh. Bibi yuko wapi? Pikipiki je?"

Hotuba ninazo nyingi. Nilizitafuta zote, zilikuwa zimehama.

"Haitapona, Alberte. Wangeitengeneza leo, wamekataa kwa sababu yangu. Niliweka soksi ndani. Ilikuwa mzaha."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na mtu mzima akilalamika mbali.

"Kwa hiyo Jumapili nitapanda gari la nani?" akauliza.

Najua simulizi kama hizi lazima ziwe na funzo, nami langu ninalo: ukimfanyia mtu utundu kwenye kitu chake, hujui ni nani mwingine amekipakia matumaini yake.

Lakini pale dukani sikuwa na funzo. Nilikuwa na soksi.

"Sijui," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyeharibu, Alberte. Siyo kiwanda, siyo bibi yako. Ni mimi. Na sijui."