Paka wangu wa insulini, sahani tupu na siku ya kwanza ya kufunga

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbale, huku chini ya mlima.

Hili limenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kucheka kwamba kuna paka anachomwa insulini, acheke kwanza amalize, kisha asome.

Paka anaitwa Afande. Nilimwokota Jinja, pale wanapouza samaki, wakati nikishona nguo kule. Jina alipewa kwa mwendo wake. Anapita polepole katikati ya watu, anawatazama mmoja mmoja, utadhani anakagua gwaride.

Alipozeeka akaanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa ovyo, na kukonda huku anakula. Vet mmoja wa Jinja, mama ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe, akampima. Kisukari.

Nilicheka. Halafu nikalia, kwa sababu Haboba naye ana kisukari.

Haboba ni bibi kwa Kinubi. Ndiye aliyenilea.

Baadaye macho ya Haboba yakapungua nguvu, akawa haoni tena mistari ya sirinji. Nikafungasha cherehani, nikamtia Afande kwenye kikapu, tukahamia kwake Mbale. Tangu hapo kila asubuhi nina wagonjwa wawili. Kila mmoja na chupa yake na sirinji zake, na sheria ni moja kwa wote: chakula kwanza, sindano baadaye.

Sasa sikilizeni. Afande hali peke yake. Anakula Haboba anapokula. Haboba akipuliza uji wake, yeye yuko chini ya kiti na samaki wake wa kuchemsha. Haboba akitua kidogo kutafuta pumzi, naye anainua kichwa anangoja. Sitii chumvi.

Mwezi wa kufunga ukaingia.

Haboba alishakatazwa na daktari wake kufunga. Kila mwaka anatoa fidia, analisha masikini, na kila mwaka anaona haya. Alianza kufunga akiwa binti mdogo, na sasa anaambiwa kaa pembeni na watoto. Kwetu asiyefunga hali mbele za watu, kwa hiyo nilimtundikia pazia kwenye chumba cha nyuma, karibu na mlango wa uani, apate kula kwa heshima yake.

Na mtu mzima haulizwi mwezi huo kama amekula. Ni kumvunjia heshima. Unaweka chakula, unaondoka, unarudi kuchukua vyombo, macho chini.

Mimi nilifuata adabu hiyo mpaka kwa sindano. Hilo ndilo kosa langu, wakuu.

Siku ya kwanza nilikula daku, nikaswali, nikalala kidogo. Mnaijua asubuhi ya kwanza ya kufunga? Mwili mwepesi, sauti za watu zinatoka mbali. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mlima Wanale. Jua likapita kwenye lile pazia la njano, chumba kizima kikawa na rangi ya chai. Haboba alikaa humo kimya na tasbihi yake, na nikajisemea hivi ndivyo nitakavyomkumbuka siku akiondoka. Sijui kwa nini niliwaza hivyo.

Nikaweka uji, yai, na samaki wa Afande. Nikaenda kushona.

Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, sahani tupu, bakuli la Afande limesafishwa. Nikamchoma Haboba. Nikamchoma Afande. Nikarudi kwenye cherehani.

Jua lilipopanda nilikuwa nashona kanzu za Idi, kitambaa cheupe kimejaa magotini, na usingizi unanichukua na kunirudisha. Nikamwona Afande anakuja. Anatembea kama sakafu ni godoro. Miguu ya nyuma inakwenda kwake, ya mbele kwake. Akafika ukutani akaukazia macho, kama anatafuta mlango ambao ulikuwepo jana.

Nilidhani naota. Na niseme ukweli, niliiona ndoto nzuri. Nilimtabasamia.

Kisha akaanguka ubavu, miguu ikaanza kupiga hewa, mate yakamtoka.

Usingizi uliniruka. Nilikimbilia jikoni nikachukua asali ya mlimani tuliyoweka kwa ajili ya futari, huku nampigia vet wa Jinja. Simu nikaiweka sakafuni kwenye speaker.

"Nyabo, tulia," akasema, maana kwake kila mwanamke ni nyabo. "Weka asali kwa fizi, kidogo kidogo, na kidole. Usimwage ndani ya mdomo, itaingia kwa mapafu. Halafu toboa sikio, pima."

Nikapaka. Asali ikafika hadi kwenye kanzu ya mtu. Nikachukua mashine ya Afande ya kupimia sukari, nikatoboa ukingo wa sikio. Moja nukta tisa.

"Hiyo iko chini sana. Endelea kupaka. Ilikula asubuhi?"

"Ilikula, daktari. Bakuli ilikuwa tupu."

"Basi mimi sielewi. Hiyo dozi yako ni kidogo. Paka yenye imekula vizuri haiangukangi hivi."

Nikainua kichwa. Haboba alikuwa amesogeza pazia, ameketi anatutazama. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mimi mwenyewe nimevaa sweta. Yeye mdomo wa juu ulikuwa umejaa jasho.

"Zaituni," akasema, taratibu sana. "Hakula."

"Nani hakula?"

"Afande. Hata mimi sikula. Nilimwaga uji na yai kwa bata wa jirani hapo mlangoni. Wakaingia, wakamaliza na samaki wake. Yeye alikuwa ananingoja mimi nianze."

"Na sindano ukanyoosha mkono, Haboba?"

"Ningekataa ungejua."

Nilichukua mashine yake nikampima. Mbili nukta saba.

Afande alitangulia kwa sababu ni mdogo wa mwili, basi. Haboba alikuwa nyuma yake, njia ile ile.

Nikachota asali kijiko kizima nikamsogezea. Akageuza uso. Tasbihi bado inatembea vidoleni, lakini vidole vinakosa shanga.

"Ni siku ya kwanza tu, mwanangu. Niachie moja hii."

Haboba anajua dini kuliko mimi, yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. Nililia tu, kijiko mkononi, na asali inadondoka.

Nikamwambia, "Haboba, nimekuchoma mimi. Kwa mkono huu."

Aliutazama mkono wangu. Aliutazama muda mrefu, kama hajawahi kuuona. Kisha akafungua mdomo.

Simu ikasema kutoka sakafuni, "Nyabo, uko? Paka inapumua?"

Afande alikuwa anapumua. Alikuwa ameinua kichwa, ndevu zimegandana kwa asali, anamtazama Haboba akilamba kijiko. Nikaleta uji kwa mmoja na samaki kwa mwingine. Haboba akanywa funda la kwanza. Afande akainamia bakuli. Nikakaa sakafuni katikati yao, mbele ya lile jua la rangi ya chai, nikawasikiliza wakila. Sikuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Vet alinionya nisishangilie mapema, kwa sababu insulini bado ilikuwa mwilini na asali inaisha upesi. Kwa hiyo nilipima wote wawili kila baada ya robo saa, kisha kila saa, mpaka jioni. Sindano ya jioni ya Afande akaniambia niiruke, nimpigie kesho yake tupange upya. Daktari wa Haboba naye nilimpigia siku hiyo hiyo, na alinigombeza vya kutosha.

Nilichojifunza, kwa mwenye mnyama au mzee wa sindano: bakuli tupu halikwambii nani amekula. Ona kwa macho yako, ndipo uchukue sirinji. Asali au glukosi iwe karibu. Mnyama akiyumba, usikae ukitazama kama mimi.

Siku za mfungo zilizobaki Haboba alipika fidia yake kwa mkono wake, sufuria moja kila siku. Na kila asubuhi aliniita mwenyewe nyuma ya pazia. "Njoo ukae," anasema. "Njoo utuone." Nilikaa, nimefunga, tumbo linanguruma, naangalia koo mbili zikimeza.

Naomba kuuliza, wakuu. Kwenu mzee anaulizwaje kama amekula, bila kumvunjia heshima? Na kuna mwingine humu anayefuga paka wa sindano, au niko peke yangu Uganda nzima? Nawasoma.