Mgongo wa Bibi

"Mrudishie Bibi mgongo wake!" nilimfokea kaka yangu Yusufu, na sauti ilifika kwa jirani, maana nilisikia redio yao ikipunguzwa.

Yusufu alikuwa amesimama sebuleni kwangu, hapa Rusimbi, amekumbatia fremu kubwa kama mtu aliyebeba mlango. Ndani yake ilikuwa picha yetu ya zamani, ile ya ufukweni Ujiji, imetengenezwa upya kwa kompyuta. Baba anatabasamu. Mama anatabasamu. Na Bibi, ambaye katika picha ya kweli ameipa kamera kisogo, amegeuzwa mbele, mikono kaikunja tumboni, anatabasamu kuliko wote.

"Zena, wewe huna shukrani," alisema. "Nimewarudishia watu nyuso zao, unanipigia kelele."

"Nyuso za nani? Bibi hakuwa na meno hayo."

"Ulitaka nimweke kibogoyo?"

Siku nyingine ningecheka. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua, lakini hata kicheko hakiko mbali. Siku hiyo sikucheka, na sababu yake ni ya miaka mingi.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa karibu na ziwa kiasi kwamba tukiwa kitandani tulisikia wavuvi wakitaniana majini. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na mambo yake na ziwa hilo. Hakuteka maji asubuhi kabla ya kuliamkia, kwa Kiha, polepole, kama mtu anavyowaamkia wakwe. Akishateka, aliondoka kinyumenyume na ndoo kichwani mpaka afike mchanga mkavu, ndipo ageuke. Sisi watoto tulimwigiza, tukaangukia dagaa za watu zilizoanikwa, tukachapwa.

"Mbona Baba anageuka tu na kuondoka?" nilimuuliza siku moja.

"Baba yako jioni anarudi," alisema. "Ziwa linamwona akirudi. Halina neno naye."

Ndipo akaja mpiga picha kutoka mjini, kamera shingoni, baiskeli mkononi. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka upande wa nchi kavu, kwa hiyo alitupanga ziwa likiwa nyuma yetu ili mwanga utupige usoni. Baba alivaa kanzu. Mama alijifunga khanga mpya ambayo bado ilinukia duka. Yusufu aliwekwa katikati kwa kuwa ni mkubwa, nami nikawekwa mwisho kabisa, ubavuni kwa Bibi.

"Oya," Bibi akasema. Hapana. Na alivyoitamka yeye, hapana hiyo haikuwa na mlango wa nyuma. "Tungoje jioni, jua likiwa upande wa Kongo. Tutalitazama ziwa, na picha itatoka."

"Jioni niko Ilagala, Bibi, nina arusi," mpiga picha akasema.

"Mama, hii ni picha tu," Baba akasema.

"Ndiyo maana nakataa. Ukiligeuzia mgongo kwa miguu yako, utarudi. Kwenye picha harudi mtu. Mtabaki mmeligeuzia mgongo hivyohivyo, mpaka lichoke. Litakuja lenyewe kuziona nyuso zenu."

Mpiga picha alicheka. Baba aliona haya. Bibi hakubishana tena. Aligeuka akalitazama ziwa, akatulia. "Haya, piga." Nami nikaanza kugeuka pamoja naye, Baba akanikemea, "Zena, mbele!" Nikatazama mbele. Kamera ikalia.

Picha hiyo ilikuwa kichekesho cha nyumba yetu kwa miaka. Mgeni akiuliza, "Na huyu ni nani?" Baba anajibu, "Ni mama yangu, aligombana na kamera." Bibi mwenyewe alicheka. Alipofariki hakuacha picha nyingine yoyote. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini picha ile niliiogopa. Kuna siku nikiitazama nilihisi baridi mabegani, kama kuna mtu aliyesimama mlangoni nyuma yako na hajabisha hodi.

Yaliyofuata wakazi wa ufukweni hawahitaji kusimuliwa. Ziwa lilipanda. Halikuja kwa kishindo. Lilichukua mchanga, likachukua mahali pa kuanikia dagaa, likachukua choo, na asubuhi moja Yusufu, ambaye ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi, aliamka akakanyaga maji chumbani. Aliniambia yalikuwa matulivu na safi, unaona sakafu. Yeye na watoto walitoka salama wakahamia mtaa wa Mwanga, huko juu mjini. Ukuta wa upande wa ziwa ukalala, nyumba ikafuata. Kopo la biskuti lenye picha zetu walilitoa chini ya kitanda likichuruzika.

Aliniletea mimi kwa sababu nina skana. Hakuna aliyenifundisha kuitumia; niliinunua kwa mtu aliyefunga duka lake, nikagombana nayo mpaka tukaelewana. Picha zilikuwa zimegandana tonge moja. Nilizilaza kwenye beseni la maji safi, nikaziachanisha taratibu, kwa uvumilivu ambao sina kwa binadamu.

Ile ya ufukweni ilitoka karibu na mwisho. Niliifuta, nikaisubiri ikauke, nikailaza juu ya kioo, nikafunga kifuniko. Mwanga ukapita chini yake polepole kama karabai ya mvuvi inayoambaa na ufuko. Kwenye kompyuta picha ikaanza kushuka kutoka juu. Kwanza mbingu. Kisha milima ya Kongo. Kisha ziwa, zima, halina hata doa.

Kisha watu. Baba alikuwa na kanzu, hana uso. Mama, hana uso. Yusufu hana, mimi sina. Kila aliyetazama kamera, mahali pa uso wake palikuwa na weupe laini, umeoshwa. Bibi peke yake alikuwa amekamilika: kilemba chake, fundo lake, mkunjo wa shingo, hata maua ya khanga yanahesabika.

Niliondoa mikono kwenye kompyuta nikaiweka mapajani. Najua, dawa ya picha hulainika ikilowa. Najua picha hii iligandana na nyingine, na kilichoganda huondoka na mwenzake. Nimewaeleza watu hivyo, na ni kweli. Lakini nilikaa pale nikiwa na umri wangu huu, na nilichosikia ni sauti ya Bibi: litakuja lenyewe kuziona nyuso zenu. Lilikuja. Lilipita ndani ya nyumba, likaenda hadi chini ya kitanda, likaziona.

Nikaikuza picha kubwa kadiri mashine ilivyokubali. Hapo ndipo nilipouona mkono. Bibi anatazama ziwa, lakini mkono wake mmoja ameurudisha nyuma, chini, kwenye kivuli cha khanga, ambapo kwa macho matupu hakuna aliyewahi kupaona. Amekishika kifundo cha mkono wangu. Hajakigusa tu. Amekikamata, vidole vimekutana, kama unavyomshika mtoto mahali penye maji mengi. Baba alinigeuza nikatazama mbele, lakini Bibi hakuniachia.

Nilikuwa nimesahau kushikwa huko. Nilipoona, mkono uliniwasha.

Yusufu alizichukua picha zile kabla sijamwonyesha, akaenda kuitengenezesha ile ya ufukweni; kwa hiyo aliporudi akasimama na fremu yake sikutaka maneno mengi. Nilimvuta mbele ya kompyuta nikamwonyesha. Aliinama akautazama mkono. Kisha akatazama fremu, pale mikono ya Bibi ilipokunjwa tumboni, na mkono wangu umetengenezewa ua la kushika.

"Sikuuona," alisema.

"Kompyuta yako pia haikuuona. Imeufuta."

"Lakini Zena, dada yangu, watoto wangu watamjuaje Bibi? Wakue wakisalimia kilemba?"

"Wasalimie kilemba. Ndicho cha kweli tulichonacho."

Sikumlaumu kwa kutaka kuuona tena uso wa marehemu Mama, hata mimi nautaka. Lakini mwanamke wa kwenye fremu si Mama, na mimi sitaupa salamu uso uliobuniwa. Bibi aliishi na ziwa kwa heshima ya wazi: unasalimia unapofika, unaaga unapoondoka, hulidanganyi. Siwezi kusema ziwa lina macho. Nasema tu kwamba sasa nikiteremka Ujiji, nikishanawa, natoka majini kinyumenyume, na anayetaka kucheka acheke.

"Ya zamani iko wapi?" nilimuuliza.

"Kwangu, Mwanga. Fundi wa fremu alisema haina kazi tena. Na wewe si unayo humo kwenye kompyuta?"

"Humu nina nakala. Nataka karatasi yenyewe, ile iliyopitiwa na maji."

"Nitaitafuta, wiki ijayo—"

"Yusufu. Fremu yako chukua. Picha yangu niletee leo."