Kofia Nzima ya Manyoya

"Siku mpira wa utomvu utakaponishinda, nitaila kofia yangu bila chumvi!" Geordie Pirrie aliyasema hayo sokoni, amesimama juu ya pipa la samaki wa heringi, tena hajalewa. Ndiyo maana hakuna aliyeyasahau.

Ungekuwa yeye nawe ungejigamba. Pwani nzima ya Fife, mabwana walimlipa acheze gofu nao, na mipira waliyoipiga ilitoka mikononi mwake: kifuko cha ngozi, manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia nzima, kisha chuma umekiegemeza kifuani, shindilia, shindilia, mpaka manyoya yawe jiwe. Mipira minne kwa siku, ikizidi sana. Kwa vumbi la manyoya kifua kilibweka kama mbwa mzee, lakini chunguni mlikuwa na nyama.

Ndipo shemeji yake, Rab Imrie, akaleta mpira wa utomvu wa mti wa Mashariki ya mbali. Unachemshwa, unaviringishwa, basi. Laini kama yai.

"Shemeji, huu hata dada yangu, mkeo, anautengeneza huku anakoroga uji," Rab akamwambia.

"Ndiyo maana unaruka kama uji!"

Mabwana wa chama cha gofu wakakata shauri: wacheze, na atakayeshinda ndiye watakayenunua mipira kwake.

Nusu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila Rab alipopiga, mpira ulipaa kidogo ukadondoka kama bata aliyepigwa risasi. Geordie akatangulia kwa mashimo manne. Sifa zikampanda kichwani. Kabla ya shimo la kumi akaunyakua mpira wa Rab, akachomoa kisu chake cha kukatia ngozi, akauchanja chale pande zote.

"Tazameni takataka, hata damu haitoi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Shemeji, ndio huo mmoja tu nilio nao," Rab akalalamika.

"Piga, mwanamke we!"

Rab akapiga. Kicheko kikakatika kama uzi. Mpira ule ulipaa, ukanyooka, ukavipita vilima vya mchanga, ukaendelea kwenda. Geordie akapunga kisu. Apige tena, labda ni upepo. Rab akapiga tena. Haukuwa upepo. Ulaini ndio uliokuwa ukiuangusha. Chale ndizo zilizoupa mbawa.

Halafu manyunyu yakaanza. Mpira wa Geordie ukanywa maji, ukawa mzito kama kiazi, na kwenye shimo la kumi na saba, wakiwa wamelingana, ukapasuka. Manyoya yakamjaa ndevuni, na mchezo ukawa wa Rab.

"Nani kakufundisha kuuchanja hivi?" bwana mmoja akamuuliza Rab.

Rab, naye kaduwaa, akamnyooshea kidole shemeji yake.

Nyumbani, mkewe Elspet alikwisha kusikia. Kofia ilikuwa mezani, kwenye sahani.

"Kula, mume wangu. Chumvi nimekuwekea, mimi si katili."

Hakula. Alikaa akiitazama mpaka uji ukapoa. Jumatatu akaenda kwa Rab na kisu kile kile, na miaka yote iliyobaki alichanja mipira ya watu, kifua kikipona polepole, mdomo umefungwa.

Mpira wake wa manyoya ulikuwa shilingi nne. Wa utomvu, wenye chale, shilingi moja.